Mishale ya Kilomita Tatu

Jumapili, 4 Mei

Dada,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata daftari langu ambalo huwa nalieleza kila kitu. Barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara nne, kwa hiyo nalisema haraka: baba amedanganya mbele ya kamati ya njia, na anayejua ni mimi peke yangu.

Siwezi kukupigia. Simu ni ile moja, nayo inalala mfukoni mwa baba.

Nianze tangu mwanzo, maana ulipoondoka Februari mambo yote ya njia yalikuwa sawa. Mvua za mwezi wa nne zilifuta mishale mingi. Baba akasema lazima apake upya mawe yote arobaini na moja, na Jumamosi tarehe 19 akaanzia njiapanda, kwa sababu pale ndipo wageni hupotea. Unakumbuka palivyo: kushoto unaingia kwenye misonobari na kushuka moja kwa moja, mshale wa kijani, wenye miguu. Kulia unazunguka kona ndefu ya machimbo ya zamani, mshale mwekundu, wenye baiskeli. Kisha wote mnakutana darajani.

Alhamisi tarehe 24, saa kumi na moja jioni, Fundi Breki alishuka na baiskeli kupitia kwenye misonobari. Na unamjua Fundi Breki, anatengeneza breki za mji mzima ila yake mwenyewe haishiki. Mwalimu wa Hesabu alikuwa akipanda mbio kama kila siku. Mwalimu alipomwona alikuwa ameshachelewa. Akaruka pembeni, akaangukia mkono. Sasa anafundisha na plasta hadi kwenye kiwiko na anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Nane zake zinafanana na mayai yaliyopasuka, lakini hakuna anayecheka.

Kamati ilikutana Jumatano iliyopita. Nilikuwepo kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, kwa hiyo huwa wananipa daftari la mahudhurio. Fundi Breki alisimama na kofia yake ya grisi mkononi.

"Mimi nilikuta mshale mwekundu umeelekea misonobarini," akasema. "Mwekundu kama pilipili! Nikajua mmekubali ombi langu."

"Ombi la miaka miwili," mwenyekiti akasema, "likubaliwe bila wewe kuambiwa?"

"Mwenyekiti, ninyi mliniambia lini jambo lolote?"

Watu wakacheka, lakini si kwa wema. Kila mtu anajua amekuwa akiomba baiskeli zipewe njia ya misonobari na watembeao wapelekwe konani. Mwenyekiti akamgeukia baba.

"Mtunza njia. Ulipaka rangi gani upande wa misonobari?"

"Kijani," baba akajibu. "Kijani misonobarini, nyekundu konani. Kama miaka yote."

"Una hakika?"

"Kama ninavyojua idadi ya wanangu."

Basi wakaamua kwamba kuna mtu aliyeigeuza mishale baada ya baba kuondoka, na kwamba mwenye faida ni mmoja tu. Mawe yote mawili ya njiapanda yamefunikwa magunia, na mengine hayajapakwa bado. Kesi itamalizwa Jumamosi tarehe 24. Kama hakutakuwa na habari nyingine, kibanda cha Fundi Breki kinaondoka kwenye uwanja wa kamati, pale mwanzo wa njia, ambapo amekaa miaka kumi na mmoja.

Dada, mimi nilimwona baba. Jumamosi ile nilimwambia naenda masomo ya ziada, lakini sikwenda, kwa sababu Mwalimu wa Hesabu huwa ananiita ubaoni na nikifika ubaoni sauti inakufa. Nilijificha misonobarini na kitabu. Baba alipiga magoti hatua ishirini kutoka nilipokaa. Brashi ilikuwa nyekundu. Mshale alioupaka kuelekea misonobarini ulikuwa mwekundu. Akaumaliza vizuri, akarudi nyuma akautazama kama mtu aliyeridhika.

Kwa nini aseme kijani? Nimewaza siku nne. Unajua anavyozichukia baiskeli. Akiona alama ya tairi kwenye udongo mbichi hununa hadi chakula cha jioni. Nafikiri alitaka litokee jambo, ili baiskeli zifukuzwe. Sitaki kufikiri hivyo. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Profesa


Alhamisi, 8 Mei

Profesa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha wino, nimesimama, na msimamizi akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni mdogo wangu tu anaandika vitabu.

Sikiliza. Baba si mwongo. Usiende kwa kamati. Usiende kwa Fundi Breki. Usimuulize baba lolote kuhusu rangi, wala usimtazame kwa yale macho yako ya kupima watu. Nakujua, ukishuku mtu unakuwa kama daktari wa meno.

Nijibu mambo mawili tu, na ujibu vizuri. La kwanza, kuna mtu yeyote ameingia stoo tangu niondoke? La pili, yale makopo mawili ya rangi kwenye rafu ya chini yamekaaje? Kushoto, upande wa mlango, ni rangi gani? Kulia, upande wa dirisha, ni rangi gani? Angalia kwa macho yako, usiandike kwa kukumbuka.

Barua hii usiiache mezani.

Hapa mimi ni mzima. Wiki hii tunachapa vitabu vya darasa la tatu na mikono yangu ni ya bluu hadi kwenye viwiko. Nikinawa, sinki ndilo linalobadilika.

Dada yako


Jumatatu, 12 Mei

Dada,

Shikamoo. Nilikuuliza kuhusu uongo, ukanijibu kuhusu makopo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Hujasema "umeona vibaya." Hujasema "haiwezekani." Umesema nisiende, nisiulize, nisitazame, nisiache mezani. Mtu asiyejua kitu haandiki hivyo. Kwenye vitabu ninavyosoma, anayekataza maswali ndiye huwa na majibu.

Lakini nitajibu, kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Aliyeingia stoo ni mimi. Likizo fupi, mwanzoni mwa mwezi wa nne, niliipanga yote kama maktaba ya shule, kwa herufi. Ulikuwa mchafuko mtupu: misumari ndani ya buti, kamba juu ya mbolea. Sasa brashi ziko mwanzo, halafu fyekeo, halafu kamba, na kuendelea. Nilikata na vikaratasi vya kubandika majina, lakini gundi ikaisha, kwa hiyo vimo bado kwenye daftari la jiografia. Baba alipoona alisema, "Sasa hata panya wataomba ruhusa." Ilikuwa sifa.

Makopo nimeyaangalia leo, nimefungua na vifuniko. Kushoto kijani, kulia nyekundu, kwa sababu K hutangulia N. Umefurahi?

Sasa na mimi nikuambie ya kwangu. Ijumaa nilipotoka shule nilipitia juu. Baba alikuwa njiapanda peke yake. Alikuwa amefunua gunia, amepiga magoti, na anaukwangua mshale kwa kisu kidogo. Anakwangua, ananusa ncha ya kisu, anakwangua tena. Dada, ule ni ushahidi! Niliposema "Baba" alishtuka hadi kisu kikaanguka.

"Wewe mara ya mwisho kupita hapa ilikuwa lini?" akaniuliza.

Yeye ndiye anakwangua, halafu mimi ndiye naulizwa. Nikasema sikumbuki. Akanitazama viatu muda mrefu, akafunika gunia. Tukashuka nyumbani bila kuongea, na unajua njia ile ni mita elfu mbili mia nane na sitini, ingawa watu wanaiita Kilomita Tatu. Kila mita niliisikia.

Nimevunja na katazo lako jingine. Jumamosi nilikwenda kwa Fundi Breki. Nilisimama mlangoni hadi akaniona mwenyewe.

"Binti wa mtunza njia! Umeleta baiskeli au umeleta maneno?"

"Shikamoo Fundi. Nimekuja tu."

"Marahaba. Basi kaa juu ya tairi hilo, viti vyote nimeshaanza kuvifunga."

Kweli alikuwa anafunga vitu kwenye maboksi, spoki huku, pedali kule. Akanipa maji, nikanywa. Nikamuuliza kama ni yeye aliyegeuza mishale. Sauti yangu ilitoka kama ya mbuzi.

Hakukasirika. Akasema, "Mwanangu, ningekuwa nimegeuza mimi, ningepaka vizuri hivyo? Mimi hata namba ya simu kwenye mlango wangu imeyumba. Mshale ule umepakwa na mkono wa mtu aliyezoea." Halafu akanitazama, na nikajua kwamba na yeye anajua ni mkono wa nani. Nikaaga.

Kuna jambo wewe na baba mnanificha. Ni nini?

Profesa


Jumanne, 13 Mei

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila goti linanikumbusha hali ya hewa. Natumaini kazi ya wino inaendelea na wanakulisha.

Sikutaka kukuandikia haya, lakini sina mwingine wa kumwambia. Nadhani umeshasikia habari ya njiapanda. Mishale nilipaka mimi, na niliipaka sawa. Makopo niliyachukua palepale ulipoyaweka, la mlangoni kwa kona, la dirishani kwa misonobari. Sikukosea. Lakini watu wote wanasema imegeuka, na mimi, kama ujuavyo, siwezi kubishana nao.

Nikasema basi kuna aliyepaka juu ya kazi yangu. Nimeikwangua nione kama kuna rangi mbili, moja juu ya nyingine. Nimekuta moja tu, na chini yake ile ya mwaka jana. Nimenusa, harufu ni ileile. Sielewi.

Linaloniuma ni mdogo wako. Ananikwepa. Nikiingia anatoka, nikikohoa anafunga daftari. Nimemkuta njiapanda akinivizia. Juzi jirani kaniambia alikuwa kwenye kibanda cha Breki, amekaa juu ya tairi kama mteja. Na kwenye kiatu chake cha shule kuna matone ya rangi yaliyokauka. Katika daftari lake lililofunguka mezani nimeona ramani ya njiapanda na mishale yote miwili.

Nafikiri Breki alimpa maneno matamu, naye ni mtoto, anaamini kila kilichosemwa kwa utaratibu. Ila kama alipaka juu ya yangu, kwa nini iko moja tu, hilo sijalipatia jibu. Labda aliifuta kwanza. Yeye ni mtu wa kufanya kazi kwa hatua.

Sitamuuliza. Akikubali, nitalazimika kumpeleka kwa kamati, na yule ukimsimamisha mbele ya watu anaweza kuzimia. Tarehe 24 nitasimama mimi. Nitasema nilikosea kwa uzembe, Breki abaki na kibanda chake, na kofia ya utunza njia nitaivua. Miaka tisa inatosha. Mama yenu angesema hivyohivyo.

Usimwandikie kitu cha kumtisha.

Baba yenu


Ijumaa, 16 Mei

Mdogo wangu,

Leo sikuiti Profesa. Nimepata barua mbili wiki moja, yako na ya baba, nikaziweka kitandani ubavu kwa ubavu. Wewe unamshuku baba. Baba anakushuku wewe. Na wote mmeniandikia mimi, ambaye ningeweza kukwambia tangu Februari.

Baba haoni nyekundu na kijani. Kwake ni rangi moja, kama ya udongo mkavu. Si ugonjwa alioupata, amezaliwa hivyo. Alipokuwa kijana aliomba udereva wa treni. Wakamfungulia kitabu chenye madoa ya rangi, wakamwambia asome namba iliyo katikati. Akawaambia hakuna namba. Wenzake aliokwenda nao, wote waliisoma. Wakamcheka njia nzima ya kurudi, na tangu siku ile akaapa hakuna mtu mwingine atakayejua.

Mama alijua. Kamati ilipomchukua, mama ndiye alikuwa anammiminia rangi. Mama alipotutoka nikaanza mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Hatukuwahi kulizungumza. Nilimkuta stoo ameshika makopo mawili, moja kila mkono, amesimama tu. Nikamwonyesha. Akasema, "Wewe na mimi." Basi. Kila mara nilikuwa naenda naye na kubeba makopo, ukidhani napenda kupanda mlima.

Sasa utakumbuka. Kwa nini nyanya sokoni hanunui yeye. Kwa nini ulipoingia sekondari alikuletea sweta la kijani badala ya jekundu, akagombana na muuza duka wa watu kwamba ametapeliwa, nawe ukalia siku mbili.

Nilipopata kazi hii tulikubaliana: nyekundu kushoto mlangoni, kijani kulia dirishani. Nilitaka kuandika kwenye makopo. Akakataa, akasema mtu akiona mtunza njia ameandika "nyekundu" kwenye kopo jekundu atauliza kwa nini.

Kisha wewe ukaipanga stoo kwa herufi.

Usilie. Hukujua. Hukujua kwa sababu mimi sikukuambia, na hiyo nimeibeba mimi. Hakuna mtu aliyedanganya. Yeye alisema kijani kwa sababu alichukua kopo lililokaa mahali pa kijani. Wewe uliona nyekundu kwa sababu ilikuwa nyekundu.

Lakini tarehe 24 anataka kujiuzulu ili akulinde wewe, kwa kosa analodhani ulilifanya makusudi na Breki. Ameona matone ya rangi kwenye kiatu chako. Nadhani ni ya stoo.

Barua yake sijaijibu. Sitaki alisome jambo hili kwenye karatasi. Alisikie kutoka kwako. Nimevunja ahadi ya miaka mingi katika ukurasa mmoja.

Fanya unavyoona. Kwa mara hii sikukatazi kitu.

Dada yako


Jumapili, 25 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika Alhamisi. Nitakuandikia nilichofanya, bila kupamba.

Alhamisi sikufanya kitu. Nililala na viatu. Ijumaa baada ya shule nilikwenda stoo. Baba alikuwa ananoa fyekeo. Nikafunga mlango, akashangaa, maana mlango ule haufungwi mchana. Nikamwambia, "Baba, mwezi wa nne nilipopanga vitu nilihamisha makopo. La kushoto nikalipeleka kulia."

Aliendelea kunoa mara tatu au nne, kisha jiwe likasimama.

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Akakaa juu ya ndoo. Alinitazama, akaitazama rafu, akanitazama tena. "Dada yako amekwambia," akasema. Haikuwa swali.

"Amenieleza kwa sababu nilikuwa nakushuku wewe. Nilikuona ukipaka. Nilikuwa misonobarini, sikwenda masomo ya ziada."

"Unanishuku mimi?"

"Nilifikiri umetaka baiskeli zifukuzwe."

Akaangua kicheko, Dada, lakini kilikatika katikati. Akafunika uso kwa kofia. "Na mimi," akasema ndani ya kofia, "nilikuwa nimeshakuandalia mwanasheria. Mwanasheria mwenyewe ni mimi."

Nikamwambia kesho nitasimama niseme kwamba mimi ndiye niliyebadilisha makopo. Akasema hapana. Nikasema Fundi Breki ameshafunga spoki kwenye maboksi. Akaweka fyekeo chini. Nikasema na wewe ukijiuzulu utakuwa umesema uongo kweli sasa, maana si uzembe. Akasema, "Ukisema umehamisha makopo, watauliza swali linalofuata." Nikasema najua. Tukaishia hapo. Usiku alipika yeye, na chumvi akatia mara mbili.

Jana darasa ambamo kamati hukutania lilijaa. Mwalimu wa Hesabu alikaa mbele na plasta yake. Fundi Breki alisimama karibu na mlango kama mtu ambaye ameshatoka. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, ukurasa mmoja, mistari kumi na minne. Mwenyekiti aliposema "kama hakuna jambo jipya," nilisimama. Karatasi nikaiweka chini na kusema tu. Nilisema mimi ndiye niliyehamisha makopo, sikumwambia baba, na mshale niliuona siku ileile ulipopakwa, nikanyamaza wiki tano.

Mwenyekiti akavua miwani. "Sasa, binti. Umehamisha makopo, sawa. Lakini mtunza njia ana macho. Atachovyaje brashi kwenye nyekundu akadhani ni kijani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali linalofuata. Sitadanganya, sijui kama ningelisema au ningelikataa.

Baba akasimama nyuma yangu.

"Kwa sababu sizioni," akasema. "Nyekundu na kijani sizioni tofauti. Sijawahi. Mke wangu alikuwa ananionyesha, kisha binti yangu mkubwa. Huyu hakujua."

Kisha mmoja wa wakimbiaji, yule mwenye duka la dawa, akasema, "Miaka tisa tumekuwa tukifuata mishale ya mtu asiyeiona?" Na mwingine akajibu, "Na hatukupotea hata siku moja." Wakaanza kubishana wote kwa pamoja. Mwenyekiti akapiga filimbi yake. Alisema kazi ya mtunza njia ina kupaka alama ndani yake, na alama ni rangi, na kwamba anasikitika.

Mwalimu wa Hesabu aliinua mkono wa plasta. "Aliyevunjika ni mimi, kwa hiyo naomba niulize. Kwa nini alama ziwe za rangi tu? Kuna duara. Kuna pembetatu. Ziko tangu zamani, hata darasa la pili wanazijua."

Walipiga kura. Tisa walitaka baba abaki, sita hawakutaka. Watembeao watapata duara, baiskeli pembetatu, rangi zibaki zilezile, na anapopaka awe na mtu mmoja pembeni, jina liandikwe. Baada ya miezi mitatu wataangalia tena. Si ushindi kamili. Wale sita nawafahamu, wawili ni majirani zetu, na leo asubuhi mmoja hakutusalimia.

Kibanda kinabaki. Watu walipokuwa wanatoka nilimfuata Fundi Breki hadi pale mwanzo wa njia. Nikamwomba msamaha. Alikuwa anafungua boksi la pedali.

"Siku ile ulipokuja hapa," akaniuliza, "ukakaa kwenye tairi langu ukaniuliza kama ni mimi. Ulikuwa umeshaona mkono wa nani umepaka?"

"Ndiyo, Fundi."

"Ukanywa na maji yangu."

"Ndiyo."

Akatoa pedali moja, akaifuta, akaiweka kwenye msumari wake. "Nenda nyumbani, mwanangu," akasema, bila ukali. Lakini hakunitania, na mimi sijawahi kumsikia Fundi Breki akiongea bila utani. Sijui kama atanisamehe. Sikuuliza mara ya pili.

Leo nimekata maumbo mawili kwenye katoni la sabuni, duara na pembetatu, kwa kutumia bikari yangu ya shule. Saa nne asubuhi mimi na baba tulipanda. Tulianzia njiapanda. Nilishika katoni juu ya jiwe la misonobari, baba akachovya brashi, halafu akaisimamisha hewani.

Wanawake wawili walikuwa wanapita na baiskeli zao, wanazisukuma mlimani, wamechoka, wanahema. Baba aliwaona. Nilifikiri atasubiri wapite.

Hakusubiri. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kuuliza saa ngapi, "Hii ni kijani?"

Nikasema, "Ndiyo, baba. Ni kijani."

Akapaka. Tumemaliza mawe kumi na tisa, yamebaki ishirini na mawili. Kesho nina mtihani wa jiografia, kwa hiyo atanisubiri hadi saa tisa nitakapotoka.

Mdogo wako